Fundi Aliyesema Honi

Philister alikuwa na neno tamu mdomoni, na alikuwa amelibana tangu Jumatatu. Mume wake, Zedekiah, alikuwa fundi wa gari la mashindano namba saba. Namba saba lile lile ambalo wanaume wa Dagoretti Corner walilitaja kila walipokaa kunywa chai yake, wakagombana juu yake, wakaapa kwamba safari hii litawatia Wazungu aibu. Na hawakujua! Walimjua kama Mama Ayub wa chai tu, mgeni aliyekuwa hajamaliza hata mwezi tangu akodi kibanda cha mabati kwa bibi mmoja aliyeitwa Wangu. Mumewe hawakuwahi kumtia machoni, kwa sababu alitoka kabla ya jua kwenda gereji huko mjini, akarudi watu wameshafunga milango.

"Nyamaza kwanza," Zedekiah alimwonya. "Gari ikishinda, sema mpaka uchoke. Ikishindwa, utasema nini?"

Basi akanyamaza, na kunyamaza kwa Philister si jambo dogo. Jumamosi ile ya mashindano, mwaka wa hamsini na saba, alikanda unga mara mbili ya siku nyingine, akakaanga mandazi mpaka sinia likajaa, akajifunga kitambaa cha kichwa alichokuwa akienda nacho kanisani. Alijua watakuja wote baada ya mbio, koo zimekauka kwa vumbi na makelele. Wataanza kumsifu fundi wa namba saba. Hapo yeye atamimina chai taratibu na kusema, bila hata kugeuka: huyo fundi ndiye baba ya watoto wangu. Alikuwa amelijaribu neno hilo mbele ya jiko, na kila alipolisema alicheka peke yake. Mwanadamu ana mambo.

Mbio zenyewe hazikuwa za magari ya ajabu. Yalikuwa magari ya kawaida ya milango minne, yale yale yapelekayo watu kazini, ila yameng'olewa viti vya nyuma na kupakwa namba ubavuni, yakazungushwa katika uwanja wa vumbi upande wa Ngong mpaka moja lishinde. Wazungu walikaa kwenye kivuli cha jukwaa. Waafrika walisimama nyuma ya seng'enge, juani, na ndio waliopiga kelele kuliko wote. Namba saba liliendeshwa na Balbir, mtoto wa Kalasinga mwenye gereji, ambaye watu walimpa jina la Kilemba. Kati ya madereva wote ni yeye peke yake ambaye hakuwa Mzungu, na kwa watu wa nyuma ya seng'enge hilo lilitosha kumfanya awe wao.

Wa kwanza kufika kibandani alikuwa Haron, fundi mwenzake Zedekiah. Haron alikuwa Mkikuyu wa upande wa Murang'a, na alilala huko huko mjini nyuma ya gereji. Mwaka uliotangulia alitoka kambini, katika zile kambi ambamo serikali iliwafungia Wakikuyu kwa maelfu wakati wa Hali ya Hatari. Alitoka amebaki ngozi na mifupa, na vidole viwili vya mkono wa kulia vimekataa kukunjika. Zedekiah ndiye aliyekwenda kwa Kalasinga akasema, huyu ni ndugu yangu, mpe kazi, mimi namjibia. Kazi ndiyo iliyompa barua, na barua ndiyo iliyompa ruhusa ya kukanyaga Nairobi. Jambo lolote likimkutanisha na polisi, hata la kuku, barua ingechukuliwa na Haron angerudishwa kambini. Kila mtu aliyemjua alijua hivyo.

Siku hiyo alikuja kwa miguu. Alivaa koti kubwa juu ya ovaroli, amelifunga mpaka shingoni, na jua lilikuwa linachoma.

"Shemeji," alisema.

"Karibu! Mwenzako umemwacha wapi? Tumeshinda?"

"Nipe chai kwanza, shemeji."

"Nakuuliza Zedekiah yuko wapi, wewe unaniomba chai?"

"Nitakuambia. Nipe chai."

Philister alidhani ni mchezo. Wanaume wakishinda hupenda kubembelezwa ndipo waseme. Akamkalisha kwenye kona nyuma ya jiko, akamletea kikombe, akasimama mbele yake mikono kiunoni, tayari kuchekeshwa. Haron alishika kikombe kwa mikono miwili, akafungua mdomo, akaufunga. Kabla hajaufungua tena, kibanda kikajaa watu.

"Mama Ayub! Tumekwisha, Mama Ayub! Leo tumekwisha kabisa!"

Huyo alikuwa Lazarus, karani wa ofisi moja mjini, mtu wa kuvaa tai hata Jumamosi, ambaye hata akikuomba sukari utadhani anasoma hukumu. Nyuma yake alikuwa Thuo, mchinjaji wa Dagoretti, mtu wa mikono minene na ubishi mnene zaidi, halafu Muli, Mkamba mpole, dereva wa lori la mchanga. Lori lenyewe alikuwa ameliegesha nje. Wengine walisimama mlangoni, vumbi limewafanya wote rangi moja.

"Kuna nini?" Philister aliuliza.

"Namba saba imepinduka!" alisema Lazarus. "Mguu wa nyuma, gurudumu zima, umechomoka, gari ikabiringika kama pipa. Na ule mguu, sikia, ule mguu uliruka juu ukaja kumpiga Mzungu wa kupunga bendera hapa!" Akajigonga kifua. "Mpaka wanambeba hajasema hata neno."

"Mungu wangu! Na Kilemba?"

"Hospitali. Mguu umevunjika, na mbavu. Lakini anaongea. Huyo wa bendera ndiye..." Lazarus akatikisa kichwa.

Philister alishika ukingo wa meza. Moyo wake ulikimbilia kwa Zedekiah mara moja, kisha ukarudi. Fundi haingii ndani ya gari. Fundi husimama pembeni na spana. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akaona aibu kumshukuru wakati mtoto wa watu yuko hospitali, akaanza kupanga vikombe ili mikono yake ipate kazi. Neno lake tamu akalimeza. Leo si siku yake.

"Kosa ni la dereva," Thuo alisema akivuta benchi. "Nimesema na sirudi nyuma. Gurudumu ikilegea gari inacheza. Hata punda anajua mzigo umelegea. Yeye ameikalia, hasikii chini huku?"

"Wewe umeendesha gari lini?" Muli alimwuliza.

"Nimepanda."

"Umepanda lori ya ng'ombe."

"Na ng'ombe walisikia kona kuliko Kilemba!"

Watu wakacheka, wakacheka kile kicheko cha watu walioona jambo baya. Muli hakucheka. Alivua kofia, akaiweka gotini.

"Thuo, nisikize. Mimi nimeendesha lori miaka mingi. Ukisimama, wewe dereva huoni nyuma. Macho yako ni turniboi anayesimama nyuma. Akisema twende, unakwenda. Akikudanganya mmekufa wote wawili. Kilemba aliingia pale pembeni akabadilishiwa mguu wa gari, akaambiwa aende, akaenda. Kosa lake ni gani?"

"Asante sana!" Lazarus alisimama, tai mkononi. "Hapo ndipo nilitaka tufike. Dereva hana kosa, gari haina kosa. Kosa ni la timu, tena makosa mawili. La kwanza, kwa nini walimwita aingie? Alikuwa wa pili! Ile tairi ingemaliza. Nani alimwita?"

"Tairi ilikuwa imekwisha, bwana," mtu wa mlangoni akasema. "Ilikuwa inatoa nyuzi."

"Ingemaliza!"

"Ingepasuka!"

Hapo kibanda kikawa soko. Huyu alisema walichelewa kumwita, yule akasema walimwita mapema. Mwingine akaapa kwamba yule mwenye namba tatu alimsukuma Kilemba kwenye kona kwa makusudi na hakuna mwamuzi aliyeona, na angeonaje, si ni shemeji yake? Chai zikaagizwa. Philister alichukua birika na kuanza kumimina, kikombe baada ya kikombe, na sikio moja kwenye mlango. Zedekiah angekuja sasa hivi. Angekuja amenuna, angetaka maji ya moto na kunyamaziwa.

"Kosa la pili," Lazarus alipaza sauti mpaka wenzake wakatulia, "na hili ndilo lililotuua, ni yule fundi. Yule mrefu."

Mkono wa Philister ulisimama.

"Mafundi walikuwa wawili, mmoja kila upande," Lazarus aliendelea. "Yule mwingine sikumwona vizuri, alikuwa ameinama nyuma ya gari. Lakini huyu mrefu, mwenye pengo hapa mbele, nilimwona kama ninavyokuona. Nilikuwa kwenye seng'enge karibu naye kama kutoka hapa mpaka kwa jiko. Ni yeye aliyempa Kilemba amri ya kwenda, na gurudumu haijafungwa! Sasa polisi wamemchukua. Nimewaona wakimtia ndani ya gari lao, pingu mkononi."

Chai ilifurika kikombe, ikajaa kisahani, ikashuka mezani na kumwagikia Thuo gotini.

"Ai! Mama Ayub! Unanichemsha?"

"Niwie radhi, baba. Niwie radhi." Alichukua kitambaa akafuta meza, akafuta pale pale, akafuta tena. Mrefu, mwenye pengo. Pingu. Alitaka kuuliza wamempeleka kituo gani. Akamtazama Haron. Haron alikuwa ameinamia kikombe, na mvuke wa chai ulikuwa umekwisha zamani.

Kumbe ndilo alilokuja kusema! Ndilo alilokuwa nalo mdomoni!

"Amri gani?" Muli aliuliza. "Alisema nini?"

"Hamkusikia?" Lazarus akafurahi, karani hupenda kuulizwa. "Jamani, mtanicheka. Injini inanguruma, sisi tunapiga kelele, yule mtu akainua kichwa akatoa sauti kama tarumbeta." Lazarus akapanua kifua, akaweka mikono mdomoni. "'Kaza! Honi! Kaza!' Hivyo hivyo. 'Kaza, honi!' Na Kilemba akaondoka mbio."

"Honi?"

"Honi! Kaza mwendo, piga honi! Sasa niambieni, katika mashindano mtu apige honi ampigie nani? Ng'ombe wa Thuo?"

Kicheko kilipasua mabati. Thuo mwenyewe alicheka mpaka akashika ukuta. Mtu wa mlangoni akajifanya dereva, akageuza usukani wa hewa, piii! piii!, na kila mtu akawa anapiga honi. Philister alisimama katikati ya kicheko hicho na kitambaa chenye maji mkononi, na hakucheka.

Kwa sababu yeye alijua lugha ya mumewe. Zedekiah alikuwa Mmaragoli, na kinywa chake hakikulijua jina linaloishia hewani. Lazarus kwake ni Lazaro. Shem ni Shemu. Na Haron, tangu siku ya kwanza alipomleta nyumbani kula ugali, alikuwa Haroni. Injini ikinguruma, watu wakipiga kelele, mwanzo wa neno huliwa na mwisho hubaki. Na hiyo "kaza" haikuwa ya mwendo hata kidogo. Mtu wa gereji akisema kaza, anasema nati.

Kaza, Haroni! Kaza!

Mume wake hakumwambia mtu yeyote aende. Aliona nati za mwenzake zimelegea, akapiga ukelele azikaze. Kilemba, aliyekuwa na haraka ya kurudi mbele, alisikia neno moja tu, akalichukua likawa lake.

Philister aligeuka. Haron alikuwa amemwinulia macho, na macho hayo yalisema yote, hapakuwa na haja ya kuuliza. Hasira ilimpanda kutoka miguuni. Mtu huyu! Mtu aliyekula kwake, aliyelala kwenye mkeka wake siku ya homa, ameketi hapa anapashwa joto na jiko lake, huku Zedekiah amefungwa kwa kosa la mkono wake, na watu wanampigia honi! Alivuta pumzi. Alikuwa anakwenda kulisema jina hilo mbele ya wote, tena kwa sauti ya kuvunja vikombe.

"Na asijitetee!" Lazarus alikuwa bado anasema. "Maana amekiri mwenyewe. Yule ofisa Mzungu alimwuliza pale pale, na askari anatafsiri: ulikuwa unamwambia nani? Fundi kimya. Akaulizwa tena: ulimwambia nani hiyo kaza? Kimya. Mara ya tatu akasema: dereva. Nilimwambia dereva."

"Alisema hivyo?" Lilikuwa neno la kwanza la Philister, na lilitoka kama la mgonjwa.

"Kwa masikio yangu, dada. Dereva."

Philister akakaa. Hapakuwa na kiti. Alikaa juu ya gunia la makaa, na kitambaa cha kanisani kichwani.

Alidhani ameshtuka kiasi cha kutosha siku moja. Kumbe bado. Zedekiah alikuwa na njia ya kutoka. Ilikuwa neno moja tu, jina la mtu, na jina hilo lilikuwa la kweli. Aliulizwa mara tatu na akachagua uongo, akajifunga mwenyewe, kwa kuwa jina lile lingempeleka Haron kambini na safari hii Haron asingetoka mzima. Na watoto? Aliwafikiria watoto wake wakati anasema dereva? Alimfikiria yeye, Philister, na hiki kibanda? Akamchukia mume wake kwa moyo wote, na papo hapo akampenda mpaka kifua kikamwuma, na hakujua afanye nini na mambo hayo mawili.

"Lakini hii honi," Muli alisema polepole. Alikuwa akizungusha kofia yake gotini. "Hii honi inanisumbua. Fundi wa magari hawezi kusema honi. Hata mwenda wazimu hawezi. Lazarus, una hakika haikuwa jina?"

"Jina la nani?"

"Si huyo fundi mwingine? Alikuwa anamwambia mwenzake. Akaze nati!"

Ungeona vile vicheko vilivyowafia mdomoni. Thuo aliweka kikombe chini. "Ngai," alisema. "Kaza nati."

"Sasa nani anaitwa Honi?" mtu wa mlangoni aliuliza.

"Joni?"

"Hapana, si Joni. Ilianza na... ilianza na nini, Lazarus?"

Mara ya kwanza tangu Lazarus aanze kunywa chai pale, alikosa neno. Muli akageuka. "Mama Ayub, huyo fundi wanasema ni mtu wa upande wenu, wa magharibi. Kwenu huko kuna jina kama hilo?"

Wote wakamtazama. Philister alisimama, akajipangusa makaa. Ulimini mwake walikuwepo wanaume wawili, na yule atakayemtema ndiye atakayepotea. Akisema ndiyo, mumewe yuko nje kesho na Haron yuko kwenye lori la serikali. Akisema hapana, aanze kufunga vyombo awarudishe watoto Maragoli, maana Mzungu wa bendera akifa, fundi mrefu atanyongwa au atasahaulika jela. Angesema nini? Wewe ungesema nini?

Alikwenda mpaka nyuma ya jiko, akachukua kile kikombe cha chai baridi mikononi mwa Haron, akaimwaga, akamimina nyingine ya moto, akamrudishia.

"Huyu ndugu amekaa hapa kimya tangu mje," alisema. "Hamjamwuliza. Naye alikuwa huko. Ndugu, wewe ulisikia nini?"

Haron hakunywa ile chai. Aliitua chini sakafuni, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akafungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, na ovaroli ya gereji ikaonekana, na namba saba imeshonwa kifuani.

"Nilisikia jina langu," alisema. "Haroni."

Akatia mkono mfukoni, akatoa nati tatu, akaziweka mezani kando ya mandazi.

"Vidole vyangu havishiki vizuri. Nilikuwa nimetia mbili, kwa mkono tu. Hizi zilikuwa bado. Aliniona. Aliniita." Akamgeukia Philister. "Shemeji, nilikuja kukuambia. Nimetembea njia nzima nikilipanga neno hilo, na nilipokuona umefunga kitambaa..."

Lazarus alikuwa amelikodolea macho lile neno "shemeji" kana kwamba limedondoka mezani pamoja na nati. Alimtazama Haron, akamtazama Philister, na taratibu uso wake ukabadilika rangi. "Dada," alisema. "Dada, yule mrefu... Mungu anisamehe. Na mimi nimepiga honi hapa!"

Thuo, Mkikuyu mwenzake Haron, ndiye aliyeinuka. Alimwendea Haron, akamwinamia, akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili ili wote wasikie hakuna hila: "Kijana, unajua ukienda kule watakupeleka wapi?"

"Najua. Nimetoka huko."

"Basi mlango wa nyuma uko wazi. Hapa hakuna aliyekuona."

Haron alitikisa kichwa. Muli alikuwa ameshavaa kofia yake na funguo za lori zi mkononi.

Walikwenda watatu kwenye kiti cha mbele, Muli, Philister na Haron katikati, na ovaroli yake wazi. Walifuata Ngong Road mpaka walipouona mti wa bendera wa kituo cha polisi. Hapo Haron akasema, bila kumtazama, "Shemeji, atanikana. Unamjua ukaidi wake. Nakuomba asinikane."

"Mimi nifanye nini?"

"Utajua."

Ofisa alikuwa Mzungu kijana, uso umeungua jua, na kando yake askari wa kutafsiri. Haron alizitua zile nati juu ya meza yake na kusema habari yote, kwa ufupi. Ofisa alisikiliza kama mtu anayesikiliza inzi. Mtu wake alikuwa tayari amempata, na amekiri; wa pili wa nini? Hata hivyo akaamuru Zedekiah aletwe. Alitoka peku, bila mkanda, ameshika suruali kwa mkono. Alimwona Philister akashtuka. Kisha akamwona Haron, na uso wake ukafungwa kama duka.

"Unamjua mtu huyu?" askari alitafsiri.

"Simjui."

"Hafanyi kazi na wewe?"

"Sijamwona. Ameiokota hiyo ovaroli. Watu wa mjini ni wezi."

"Zedekiah!" Haron alisema.

"Jina langu amelisikia kwa watu," Zedekiah alimwambia askari, na hakupepesa macho.

Ofisa alipandisha mabega, akazisukuma nati pembeni kwa kidole, akaanza kumwashiria Haron mlango. Yalikuwa yamekwisha. Mtu wa kwenda nje alikuwa Haron, mtu wa kurudi ndani alikuwa Zedekiah, na wote wangekula alichochagua Zedekiah. Haron akageuza kichwa, akamtazama Philister. Alikuwa analia, waziwazi, mtu mzima.

"Na wewe mama," askari aliuliza, "umekuja kufanya nini?"

"Mimi ni mke wake," Philister alisema, akimwonyesha Zedekiah kwa kidevu.

"Na huyu?"

"Philister," alisema Zedekiah. Alilisema polepole, kama anavyolisema usiku mtoto akiwa mgonjwa. "Philister, nyamaza."

Alikuwa amenyamaza wiki nzima. Aliwaza Ayub, akawaza mdogo wake, akawaza vidole viwili vya Haron, na wote wakawa wazito sawasawa. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe.

"Huyu ni Haroni. Hufanya kazi na mume wangu. Hula kwangu kila Jumapili."

Askari akatafsiri. Ofisa akainua macho, safari hii akamtazama Haron kweli kweli, akaomba kipande chake cha kitambulisho na ile barua. Zedekiah alimtazama mke wake kwa muda mrefu, na hakuwa na hasira, jambo ambalo Philister hakulitegemea na lililomtia hofu zaidi. Haron, walipomshika mkono kumpeleka ndani, alimwambia, "Asante, shemeji." Asante! Afadhali kofi kuliko neno hilo.

Walimfungulia Zedekiah kabla jua halijatua, wakamwambia arudi Jumatatu kutoa maelezo. Alivaa viatu vyake nje, kwenye ngazi. Alipomaliza kufunga kamba hakuinuka.

"Twende," Philister alimwambia. "Muli anangoja. Watoto wako kwa bibi Wangu."

"Nenda wewe. Mimi namngojea Haroni. Wakimtoa asikute hakuna mtu."

Philister alisimama, akamtuma Muli aende awaambie watoto, akarudi akakaa ngazi ya chini yake. Alitaka kusema jambo, alikuwa nalo, refu, lenye watoto ndani na kodi na Maragoli, na mabega ya mumewe yalimkataza. Walikaa hivyo, macho kwenye mlango. Kila ulipofunguka Zedekiah aliinuka nusu, akakaa tena.

Mwishowe alitoka yule askari wa kutafsiri, zamu imekwisha, anavua kofia. Aliwaona akasimama.

"Bado mko? Mnamngoja nani?"

"Ndugu yetu," Philister alisema.

"Yule?" Askari aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kwa huruma kidogo. "Mama, yule alipitishwa lango la nyuma mlipokuwa mnafunga viatu. Lori la kambi lilikuwa hapa."